Kuoa kwa Ajili ya Hati ya Ukaazi

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu aliyejaalia ndoa kuwa utulivu wa nafsi, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo: limezuka suala katika mitaa ya Kipawa, huko Dar es Salaam ubavuni mwa uwanja wa ndege, nalo husemwa barazani baada ya sala ya Isha, na kila mtu hulijibu kwa kadiri ya haja yake. Je, yafaa mtu kumwoa mwanamke wa nchi ya jirani ili kwa ndoa hiyo apate hati ya kukaa katika nchi ile? Mmoja husema: Nikaha ni nikaha, ikiwa walii yupo, na mashahidi wawili wapo, na mahari yametajwa, kuna nini tena? Wa pili husema: Huo ni ulaghai mtupu. Na wa tatu, naye ndiye mwenye neno la hatari kuliko wote, husema: Hiyo si ndoa hasa, ni karatasi tu. Neno hili la wa tatu ndilo lililosababisha kurasa hizi.

Mtu wa Kipawa si wa kulaumiwa kwa kuijua thamani ya karatasi. Nyumba za watu wa huko zilitathminiwa ili kupisha upanuzi wa uwanja wa ndege, na wenyewe wakangoja miaka mingi kabla ya kupata malipo na kuhamia upande wa Pugu na Chanika. Aliyengoja hivyo ajua kwamba mtu mwenye hati husikizwa na asiye nayo huambiwa arudi kesho. Lakini kujua thamani ya karatasi ni jambo moja, na kuipima ndoa kwa karatasi ni jambo jingine.

Na kuoana baina ya watu wa Tanzania na watu wa Kenya si uzushi. Wadigo wako Kwale na Wadigo hao hao wako Tanga. Wasegeju na Wavumba vivyo hivyo. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipogawana, waliuanzisha mpaka wao pale mto Umba umwagapo baharini, ukapita katikati ya watu wasioulizwa, mjomba akabaki huku na mpwawe akawa kule. Tangu zamani kabla ya mpaka huo jahazi zilichukua maharusi baina ya Pangani na Mombasa na Lamu, wala hapakuwa na mtu aliyeulizwa katika nikaha yake: Wataka mke, ama wataka nchi? Swali hilo limekuja pamoja na mpaka.

Basi na ijulikane kwanza sheria za serikali zasemaje, kwani wengi husema kwa kusikia. Mkataba wa Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, uliotiwa sahihi mwaka 2009 ukaanza kutumika tarehe 1 Julai mwaka 2010, wampa raia wa nchi mwanachama ruhusa ya kuingia katika nchi nyingine kwa pasi na kukaa hata miezi sita. Ruhusa hiyo yamtosha mgeni na mtembezi. Atakaye kukaa daima haimtoshi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 15, yampa mtu aliye katika ndoa na raia wa Kenya kwa muda wa miaka saba haki ya kuandikishwa raia akiomba. Kabla ya Katiba hiyo mlango huu ulikuwa wa mwanamke aliyeolewa na Mkenya tu. Mwanamume mgeni aliyeoa Mkenya hakufunguliwa. Na Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya Kenya ya mwaka 2011 ikaongeza kwamba ndoa ikitimu miaka mitatu aweza kuomba ukaazi wa kudumu. Na kabla ya hapo mke aweza kumwombea mumewe pasi ya mtegemezi. Kwa upande wa Tanzania, Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 ilimwekea njia kama hiyo mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania, isimwekee mwanamume mgeni. Kwa hiyo waume wanaotazama upande wa Mombasa ni wengi kuliko wanaotazama upande wa Dar es Salaam, na sababu yake si uzuri wa wanawake wa Mombasa peke yake.

Sura ya suala ni hii. Mtu ana mke Kipawa na watoto watatu. Kazi yake ni ufundi wa magari, na riziki imembana. Apanda basi, apita Chalinze na Segera, afika Tanga, avuka Horohoro na Lunga Lunga, ashuka Likoni, na huko apata kazi ya siku mbili tatu na marafiki wa kumshauri. Wamwambia: Oa hapa, mambo yako yatanyooka. Aonyeshwa mwanamke aliyeachwa, mwenye duka dogo la nguo, mwenye heshima zake, na ndugu yake mwanamume ndiye walii wake. Aposa. Walii amwuliza, "Shemeji, una mke kwenu?" naye ajibu kwamba anaye, hakuficha hilo. Walii aridhika, kwani sheria imeruhusu. Kisha mtu yule arudi Kipawa, na mkewe amwuliza habari alizozisikia. Amjibu, "Mama watoto, usitie moyoni. Ile ni karatasi tu. Nikishapata hati zangu namwacha." Mke akanyamaza. Mume akauhesabu ule unyamavu kuwa ni ridhaa.

Hapa pana wanawake wawili na kitendo kimoja. Wa Likoni ameambiwa ni ndoa, wa Kipawa ameambiwa si ndoa. Haiwezekani maneno mawili haya yakawa kweli yote pamoja, na mwenye kuyasema ni mmoja.

Ama kusihi kwa nikaha hiyo, madhehebu ya Imamu Shafii yako wazi. Yeye mwenyewe, Mwenyezi Mungu amrehemu, ameeleza katika kitabu chake Al-Umm kwamba mwenye kuoa naye ana nia moyoni ya kukaa na mke kwa muda tu, asilitamke hilo kuwa sharti ndani ya akdi, nikaha yake yathubutu, kwani nia ni mazungumzo ya nafsi, na hukumu za duniani hufuata yaliyodhihiri. Jamhuri ya wanavyuoni wako juu ya rai hiyo. Aliyekhalifu ni Imamu Al-Auzai, mwanachuoni wa Sham aliyefariki mwaka 157 wa Hijra. Yeye aliifananisha nikaha hiyo na mutaa, akaikataa. Na wanavyuoni wa Kishafii waliokuja baadaye wameweka kanuni: kila jambo ambalo likitamkwa ndani ya akdi laivunja, kulificha moyoni wakati wa akdi ni makruhi. Muda ukitajwa na walii na mume, hata ukiwa ni miaka saba kamili, hiyo ni mutaa waziwazi nayo ni batili. Ukifichwa, nikaha yasihi pamoja na makuruhu.

Watu wa barazani huifikia kanuni hii wakatua mzigo. Husema: Ni makruhi, na makruhi hamtii mtu motoni. Lakini hawakuisoma hukumu hadi mwisho wake. Kuthubutu kwa nikaha kwamfaa nani? Hakumfai yule mume aliyetaka karatasi. Kwamfaa mke, kwani kwamfunga mume kwa kila ambalo mume hufungwa nalo. Mtume, rehema na amani zimshukie, amefundisha kwamba kuna mambo matatu ambayo kuyafanya kwa dhati ni dhati na kuyafanya kwa mzaha ni dhati pia: nikaha, na talaka, na kumrejea mke. Ikiwa nikaha ya mzaha ni nikaha, je, nikaha ya karatasi? Katika sheria hakuna kitu kiitwacho ndoa ya karatasi. Walii akisema nimekuoza na mume akasema nimekubali, mbele ya mashahidi wawili waadilifu, basi mwanamke yule wa Likoni ni mkewe kama alivyo yule wa Kipawa. Haziko daraja mbili za mke, mmoja wa moyo na mmoja wa hati.

Na mwenye kushuku hayo na atazame mambo yatakavyokuwa siku mume akifa. Basi lapinduka karibu na Segera, naye ni miongoni mwa waliokufa. Wamwosha, wamsalia, wamzika. Kisha yaja mambo ya mirathi. Kwa kuwa ameacha watoto, fungu la wake ni thumni, na thumni hiyo hawapewi wa Kipawa peke yake. Wagawana wawili sawasawa, kila mmoja sehemu moja katika kumi na sita. Ikiwa mahari ya wa Likoni hayakulipwa, ni deni, nalo hutolewa kabla ya mirathi kugawanywa. Akiwa amezaa, mtoto wake aingia pamoja na wale watatu. Na wake wote wawili wakaa eda ya miezi minne na siku kumi. Ndipo yule wa Kipawa, aliyeambiwa asitie moyoni, ajua mbele ya watu kwamba alikuwa na mke mwenza muda wote ule, na kwamba nyumba aliyojibana akaijenga pamoja na mumewe, kwa fungu lile lililokuwa la mume, ina mrithi Likoni. Hatamwuliza mtu, kwani wa kuulizwa yu kaburini.

Hilo ni la mauti, na mauti hayana siku. Lakini hata katika uhai hesabu yaanza tangu usiku wa kwanza. Mwenye wake wawili ana wajibu wa kugawa masiku baina yao. Wanavyuoni wa Kishafii wametaja hasa hali ya mwenye wake katika miji miwili: akikaa na mmoja nyumbani kwake katika mji wake, basi yule wa mji wa pili amdai mfano wa masiku hayo. Sasa na izingatiwe sheria ya Kenya. Mwombaji wa uraia kwa ndoa atakiwa, wakati wa kuomba, awe akaa pamoja na mkewe. Basi kila usiku alalao Likoni kwa ajili ya karatasi ni usiku aulimbikizao katika deni la Kipawa. Miaka saba ikitimu hati i mkononi, na deni lake halilipiki katika umri uliobaki.

Husemwa kwamba mke wa Kipawa aliridhia. Ni kweli kwamba mke aweza kusamehe siku zake. Bibi Sauda, Mwenyezi Mungu amridhie, alimpa Bibi Aisha siku yake. Lakini Bibi Sauda alijua alichokitoa na alijua amempa nani. Mke wa Kipawa hakuambiwa kuna mke. Aliambiwa kuna karatasi. Mtu hawezi kusamehe haki ambayo amedanganywa kuwa haipo. Na hata angeridhia kwa kujua, msamaha wa siku zijazo waweza kurudishwa wakati wowote, na siku atakaporudisha mume ana lazima ya kurejea kwenye zamu.

Ama yule wa Likoni, dhuluma yake ni ya namna nyingine, na wengi hawaioni kwa sababu amepata mume na mahari na harusi. Yasimuliwa kwamba Mtume alipita sokoni penye chungu ya nafaka, akatia mkono ndani, vidole vyake vikakuta umaji. Mwenye mali akadai ni mvua, naye akamkemea kwa nini hakuuweka ule umaji juu watu wauone. Mvua haikuwa kosa la yule mfanyabiashara. Kosa lake lilikuwa kuyaficha majimaji chini ya kikavu. Vivyo hivyo haja ya hati si aibu. Riziki hutafutwa, na ardhi ya Mwenyezi Mungu ni pana. Kosa ni kuweka posa juu na talaka chini, kisha kumwuzia walii chungu nzima kwa bei ya kikavu. Lau yule kaka angeambiwa, "Namtaka dada yako kwa miaka saba, kisha nitamwacha," angemtoa mtu huyo barazani kwake, na huenda si kwa maneno tu. Neno ambalo mtu ajua kwamba likisemwa ataozwa hapana, basi kulificha ili aozwe ndio ghishi yenyewe. Nikaha yasihi, ghishi ni haramu, na wala kusihi kwa ile hakuihalalishi hii, kama vile kuuza kwa mwenye kuficha kasoro kwasihi naye ana dhambi, na mnunuzi ana hiari. Tofauti ni kwamba mnunuzi hurudisha bidhaa akachukua fedha zake. Mwanamke hurudishiwa nini? Miaka yake?

Msafiri mashuhuri Ibn Battuta, aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alikwenda baadaye katika visiwa vya Maldivi akawa kadhi huko. Ameandika kwamba huko mahari yalikuwa madogo, na mabaharia marikebu zao zikifika huoa, na wakitaka kutweka huacha; naye mwenyewe akaona kwamba jambo hilo lafanana na mutaa. Alikuwa Mmaliki, naye pia alioa huko wake kadha wa kadha, akaondoka akawaacha. Hilo latajwa ili asije mtu akadhani kwamba elimu humlinda mwenye kuwa nayo. Bandari za Uswahilini nazo zimewahi kuwajua wanaume waliokuja na kaskazi wakaondoka na kusi, na watoto waliokua wakiulizia jahazi.

Kuna wanaosema: Mwanamke mwenyewe ajua, tumeelewana, nami nimempa fedha anifanyie hati. Huyu ameondoa ghishi kwa mke akaitia mahali pengine. Ikiwa mapatano hayo ya muda yametamkwa katika akdi, hakuna nikaha, na kila kilichofuata akijue ni nini. Ikiwa hayakutamkwa, nikaha yathubutu pamoja na hukumu zake zote zilizotajwa, thumni na eda na masiku, na fedha alizotoa hazikumnunulia hata moja la kuziepuka. Kisha labaki jambo la sahihi. Sheria ile ya mwaka 2011 yataka ndoa iwe haikufungwa kwa kusudi la kupata hadhi ya uhamiaji au uraia. Basi mwenye kuomba asimama mbele ya ofisa akishuhudia kwa kalamu yake jambo ambalo ajua si kweli, na mkewe ashuhudia pamoja naye, na pengine walii na majirani huitwa washuhudie wasilolijua. Ushahidi wa uongo umehesabiwa na Mtume miongoni mwa madhambi makubwa kabisa.

Wapo wajibuo kwamba ofisa yule ni wa serikali isiyohukumu kwa Kurani, kwa hiyo kumhadaa hakudhuru. Jibu hili si la Kishafii wala la madhehebu yoyote. Imamu Shafii amesema katika Al-Umm juu ya Waislamu walioingia kwa amani katika nchi ya adui aliye vitani, kwamba adui huyo yu salama nao mpaka watoke. Ikiwa hivyo ndivyo kwa nchi ya vita, yasemwaje juu ya nchi ambayo mtu ameingia kwa pasi, akapigiwa muhuri Lunga Lunga, akasalimiwa kwa salamu ya Kiislamu na pengine na ofisa mwenyewe, nchi ambayo Katiba yake katika kifungu cha 170 imeweka mahakama za makadhi kwa mambo ya ndoa na talaka na mirathi za Waislamu? Muhuri ule ni amani, na kuvunja amani ni khiyana.

Na katika hili pana jambo la ajabu. Katiba ya Kenya, kifungu cha 17, yasema kwamba uraia wa kuandikishwa waweza kufutwa ikidhihiri kwamba ulipatikana kwa udanganyifu au kwa kuficha jambo la lazima. Kwa hiyo kile akitakacho mtu huyu, nayo ni hati, chaweza kubatilika kwa uongo wake. Na kile asichokitaka, nayo ni nikaha, chathubutu juu ya uongo wake. Aweza kujikuta siku moja hana Kenya, naye ana wake wawili. Na huenda asiwe na Tanzania pia, kwani Tanzania haimruhusu mtu mzima kushika uraia wake pamoja na uraia wa nchi nyingine alioutaka mwenyewe.

Lipo lingine ambalo wanaume hawalisemi barazani, kwa sababu lawauma. Pasi ile ya mwanzo yaitwa pasi ya mtegemezi. Mke ndiye mwombaji, mume ndiye mtegemezi. Jina lake laandikwa chini ya jina la mke. Wako waume waliouona huo kuwa udhalili, wakaulipiza kwa mke kwa ukali wa nyumbani, ilhali yeye hakuwaita. Uandishi wa ofisi haugeuzi hukumu. Pasi hiyo yenyewe si kibali cha kazi. Lakini nafaka haikumwondokea mume kwa hilo. Katika madhehebu ya Shafii, kama ilivyo katika Minhaji ya Imamu Nawawi, mwenye kitu hutoa kila siku vibaba viwili, fukara hutoa kibaba kimoja, na wa kati kimoja na nusu, pamoja na kitoweo na nguo na makazi. Mke akimlisha mumewe kwa duka lake, hiyo ni sadaka yake au mkopo wake, si haki ya mume. Na mume akishindwa hata nafaka ya fukara, mke ana haki ya kwenda kwa kadhi kutaka nikaha ivunjwe. Basi anayeingia Likoni kwa kutegemea duka la mke mpaka hati itoke, na afahamu kwamba ufunguo wa mlango wa kutoka hauko mkononi mwake peke yake.

Je, yote haya yamaanisha kwamba asioe mtu ng'ambo ya mpaka naye ana haja ya ukaazi? La, hasha. Mtume amebainisha kwamba mwanamke huolewa kwa mambo manne: mali yake, na nasaba yake, na uzuri wake, na dini yake; akaitilia nguvu dini, wala hakuibatilisha nikaha ya mwenye kutazama mali. Manufaa ya dunia kuingia katika nia si haramu. Mwenye kumtaka mke, akataka na hati pamoja naye, akalisema hilo kwa mke na kwa walii na kwa ofisa, hakuna alilolificha na hana la kuogopa. Wenye kumcheka kwamba amekwenda kuolewa hawajui wamchekalo.

Kwani Nabii Musa, amani zimshukie, alikuwa mkimbizi. Alitoka Misri akiogopa, akafika Madyan hana kitu, akawanywesheleza wanyama wa mabinti wawili, akakaa kivulini akimwomba Mola wake. Ndipo mzee yule, ambaye wanavyuoni wamekhitalifiana ni nani, akamwita, akamtuliza, akamwoza mmoja wa mabinti zake. Kila alichohitaji mhamaji, amani na kazi na nyumba, Musa alikipata kwa ndoa ile, katika nchi ya watu. Na miaka ilitajwa: minane, na akipenda, kumi. Lakini ilikuwa ni miaka ya nini? Ilikuwa ni ya kazi, ndiyo mahari; na kwa dalili hiyo Mashafii wamejuzisha kazi kuwa mahari. Haikuwa miaka ya ndoa. Ibn Abbas alipoulizwa ni muda upi aliotimiza, alijibu kwamba ni ule mrefu zaidi. Muda ulipokwisha Musa hakuiacha ndoa pamoja na kazi. Alisafiri na ahali yake, nao wakawa pamoja naye usiku ule wa baridi alipouona moto upande wa mlima. Hakukuwa na neno walilojua Musa na mzee yule ambalo binti hakulijua. Kinachomtenga mtu yule wa Likoni na Nabii Musa si kuhama, wala si haja, wala si miaka, kwani miaka ya Musa ilikuwa mingi zaidi.

Ile hadithi mashuhuri ya nia, iliyopokewa na Sayyidna Umar bin Al-Khattab, ambayo watoto wa vyuoni huihifadhi kwa kuwa ndiyo ya kwanza katika Arubaini ya Imamu Nawawi, yataja mwenye kuhama kwa ajili ya kupata dunia au kumwoa mwanamke, kwamba hijra yake ni kwa lile alilolihamia. Watu hupenda kusimulia hapo kisa cha mtu aliyeitwa mhamaji wa Ummu Qais, naye kisa chake kimepokewa, ijapokuwa Ibn Rajab amesema hakuna asili sahihi ya kukifanya kuwa ndicho sababu ya hadithi hiyo. Mtu yule alihama ili aoe. Huyu wa leo ameoa ili ahame. Wa kwanza, lililo baya kwake ni kwamba alimtaka mwanamke kuliko thawabu, lakini alimtaka. Wa pili hata hilo hana.

Basi mwenye kutia shaka katika nia yake, na hakuna amjuaye ila yeye, na ajiulize swali moja: lau hati ingeletwa kesho asubuhi mezani kwake bila ya ndoa, angalipanda basi kwenda Likoni kumposa mwanamke yule, ama angalibaki Kipawa? Na aliyekwisha kuoa na ajiulize: siku hati itakapotoka, yule mke atakuwa amepata mume au amepoteza?

Ama aliyekwisha kulifanya hilo naye amejuta, hahitaji nikaha mpya, kwani ile yake yathubutu, na nia yaweza kugeuzwa usiku huu huu bila gharama wala muhuri. Lililo gumu ni ulimi. Kwa mke wa Likoni, akiazimia kuishi naye kwa wema, deni lake ni kuishi naye. Wala hapana faida kumwumiza kwa habari ya nia iliyokwisha kufa. Akiwa bado ameazimia kumwacha, basi ana haki ya kujua sasa, angali na umri wa kuolewa, si baada ya miaka saba. Na mahari yake alipwe yote. Kwa mke wa Kipawa hapana njia ya mkato. Lazima akae naye, mlango umefungwa na watoto wamelala, amwambie kwamba neno lile la karatasi lilikuwa uongo: kwamba ana mke mwenza, jina lake fulani, yuko Likoni, ana zamu kama yeye na fungu kama yeye. Huenda akalia. Huenda akataka kwenda kwao Rufiji au Kilwa siku kadhaa, na asimzuie. Kisha zihesabiwe siku zilizopita, kwa karatasi na kalamu kama wahesabuvyo deni la dukani, na aulizwe yeye, si mume, ni zipi azidaizo na ni zipi anazozisamehe.

Wallahu aalamu.